Maziwa ya Ngamia: Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Mwezi Januari mwaka 2022 taarifa iliyotoka Wilaya ya Simanjiro ilieleza kwamba zaidi ya mifugo 62,000 ilikuwa imekufa kwa ukame, na walio wengi katika hesabu hiyo walikuwa ng'ombe. Sisi wa Babati, tunaokaa makao makuu ya mkoa na kando ya ziwa lisilotunyima maji, tuliisoma taarifa hiyo, tukasikitika, kisha tukaendelea na shughuli zetu. Lakini hesabu ya mizoga si hesabu ya mali peke yake. Ng'ombe anapokufa katika boma la mfugaji, kinachokatika siku hiyo hiyo ni maziwa ya mtoto.

Mwaka huo baadhi yetu tulipita katika maboma ya nyika ile kwa kazi za Chama. Katika boma moja mama mwenye nyumba alitukaribisha kwa desturi njema ya watu wake, akabandika chai, na kabla hajaimimina akatuomba radhi. Chai ilikuwa ya rangi. Kibuyu cha maziwa kilikuwa kimetundikwa mahali pake, kikavu. Watoto wake wawili walikunywa chai ile ile tuliyokunywa sisi wageni, nayo ndiyo iliyokuwa chakula chao cha asubuhi. Mama yule hakulalamika wala hakuomba kitu. Aliona haya kumpa mgeni chai isiyo na maziwa. Nasi tukatoka pale tukijua kwamba wenye kustahili kuona haya tulikuwa sisi.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukijiuliza ni nini kifanyike ili ukame ujao, ambao hapana shaka utakuja, usiwakute watoto wa nyikani na kibuyu kikavu. Majibu ni mengi, na mengine tumeyasema katika safu hii zaidi ya mara moja: malambo, visima, majosho, malisho yaliyotengwa na kulindwa. Leo tunataka kulizungumza jibu ambalo wengi wetu tumelichukulia kama mzaha, nalo ni ngamia na maziwa yake. Tunasema mapema ili tusieleweke vibaya: hatumtaki ngamia aje kumfukuza ng'ombe. Tunamtaka awe akiba ya maziwa katika sehemu kavu za mkoa wetu, na tunataka aje kwa mpango, si kwa kelele.

Mwananchi wa Babati humjua ngamia kwa njia mbili. Waliopita chuo cha Kurani walilisikia jina lake wakiwa wadogo, kwani ametajwa katika Kitabu miongoni mwa viumbe ambavyo mwanadamu ametakiwa avitazame na kuvizingatia. Na anayepanda basi kwenda Arusha humwona kwa macho pale Meserani, kando ya barabara, akimbeba mtalii mgongoni. Wazee waliowahi kuishi Zanzibar watakumbuka kwamba huko zamani ngamia alizungushwa kwenye kinu cha kukamulia mafuta ya ufuta. Basi kwetu ngamia amekuwa mnyama wa kitabuni, wa kinu na wa picha za wageni. Ni wachache wanaomfikiria kama mnyama wa kukamuliwa, ilhali katika nchi kavu za Afrika na Arabuni hiyo ndiyo kazi yake kubwa.

Tuanze na maumbile yake, kwa sababu hoja yote imesimama hapo. Ng'ombe wa nyikani hupaswa kunywa maji kila siku au kila baada ya siku moja. Maji yakiwa mbali hutembea kutwa kuyafuata, na nguvu ambazo zingekuwa maziwa zinaishia njiani. Ngamia aweza kukaa juma zima na zaidi bila kunywa, na wakati wa majani mabichi hukaa muda mrefu kuliko huo. Akifika kisimani hunywa lita 100 kwa dakika chache, akajirudishia alichopoteza. Watu hudhani kwamba nundu yake ni pipa la maji. Sivyo; nundu ni shehena ya mafuta, nayo ni akiba ya chakula. Maji huyatunza kwa njia nyingine: huuacha mwili wake upate joto mchana badala ya kutoka jasho, na hutoa mkojo mchache na mavi makavu.

Tofauti ya pili ni malisho. Ng'ombe hula nyasi, na nyasi ndicho kitu cha kwanza kuisha mvua zinapokosekana. Ngamia hula zaidi majani ya miti na vichaka, hata matawi ya migunga yenye miiba, akiyafikia juu ambako mbuzi hafiki. Mizizi ya miti huenda chini sana, na kwa hiyo miti hubaki na majani miezi mingi baada ya nyasi kugeuka vumbi. Maana yake ni kwamba ngamia na ng'ombe waweza kulisha katika nyika moja bila kunyang'anyana sana chakula. Tena ngamia hana kwato ngumu kama za ng'ombe; ana nyayo pana na laini, zisizochimbua ardhi kavu na kuiachia upepo.

Matokeo ya maumbile hayo huonekana wakati wa kukamua. Ng'ombe wa kienyeji katika kiangazi kikali hutoa maziwa yasiyojaza hata chupa moja, na mengi yao hukauka kabisa. Ngamia wa nyikani aliyezaa hutoa kwa kawaida lita 3 hadi 5 kwa siku baada ya ndama wake kupata sehemu yake, na huendelea kukamuliwa mwaka mzima au hata mwaka mmoja na nusu. Huyo ndiye mnyama wa kuwanywesha watoto katika ile miezi ambayo ng'ombe wamehamishwa mbali na vijana, na wazee, kina mama na watoto wamebaki maboma.

Maziwa yenyewe ni meupe, mepesi, yenye povu, na huwa na chumvi kidogo kwa kadiri ya majani na maji aliyoyapata mnyama. Kwa mafuta na protini hayako mbali na maziwa ya ng'ombe. Yanapoyapita ni katika vitamini C, ambayo imo ndani yake mara 3 hadi 5 kuliko ilivyo katika maziwa ya ng'ombe. Jambo hili laweza kuonekana dogo kwa mtu wa Babati mjini, ambaye sokoni kwake hapakosekani papai wala chungwa. Kwa mtoto wa nyikani, ambaye miezi kadhaa haoni tunda, si jambo dogo hata kidogo. Aidha, maziwa haya hayana ile protini moja iliyo katika maziwa ya ng'ombe ambayo ni miongoni mwa zinazowaletea mzio baadhi ya watoto.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo, kwa sababu penye ukweli wa kusifiwa hapakosi mtu wa kuupamba. Siku hizi maziwa ya ngamia huuzwa mijini katika vichupa kwa bei ya dawa, na wauzaji wake husema yanaponya kisukari, pumu, saratani na upungufu wa nguvu za kiume. Tunawatahadharisha wananchi. Ni kweli kwamba yamefanyika majaribio, kama yale ya Bikaner nchini India, ambako baadhi ya wagonjwa wa kisukari waliokunywa maziwa haya walionekana kuhitaji insulini kidogo zaidi kuliko kabla. Lakini majaribio hayo yalihusu watu wachache, na wagonjwa wale waliendelea kutibiwa na madaktari wao. Mgonjwa wa Babati atakayeacha insulini kwa kutegemea kichupa cha maziwa atakuwa amenunua mauti kwa fedha zake mwenyewe.

Yapo na mambo mengine ya kuwekwa sawa. Husemwa kwamba maziwa ya ngamia hayana ile sukari ya maziwa inayowasumbua watu wengine tumboni. Si kweli, sukari hiyo imo, kwa kiasi kinachokaribiana na cha maziwa ya ng'ombe, ingawa wapo wanaosema huyastahimili vizuri zaidi. Wala maziwa ya ngamia, kama yalivyo ya ng'ombe na ya mbuzi, si badala ya maziwa ya mama kwa mtoto mchanga. Miezi 6 ya kwanza mtoto ni wa kunyonya, basi. Chakula chema hakihitaji uongo ili kisifiwe, na kwetu inatosha kwamba maziwa haya ni chakula.

Jambo zito zaidi ni desturi ya kuyanywa mabichi. Wafugaji wengi wa ngamia hudai kwamba yakichemshwa hupoteza ladha na nguvu. Sisi tunasema yachemshwe. Ngamia, kama ng'ombe, aweza kuwa na ule ugonjwa wa kutupa mimba ambao kwa binadamu huleta homa isiyokoma na maumivu ya viungo, na ambao mara nyingi zahanati huudhania kuwa malaria. Tena mwaka 2012 kiligunduliwa huko Saudi Arabia kirusi kipya cha ugonjwa wa mapafu, na baadaye ikadhihirika kwamba ngamia ndio wanaokibeba. Tangu hapo Shirika la Afya Duniani limekuwa likishauri watu wasinywe maziwa ya ngamia yasiyochemshwa. Taifa hili lilipoendesha kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973 liliwafundisha mamilioni ya watu wazima kwamba kinga hujengwa nyumbani, kwa choo na kwa maji yaliyochemshwa. Somo lile halijazeeka, nalo linafaa kwa maziwa kama lilivyofaa kwa maji.

Sasa tuwatazame jirani zetu, maana hekima haina mpaka. Kaskazini mwa Kenya Warendille, Wagabra na Wasomali wamefuga ngamia tangu enzi za mababu. Hao hawatushangazi. Wanaotufundisha ni Wasamburu, ambao ni watu wa lugha ya Kimaa kama Wamaasai wa Simanjiro na Kiteto, na ambao kama wao walimhesabu ng'ombe kuwa ndiye mali na ndiye heshima. Baada ya ukame kuwarudia mara kwa mara, Wasamburu wengi wameingiza ngamia katika mifugo yao, na serikali ya kaunti yao imewagawia ngamia wananchi katika miaka hii ya karibuni. Hawakuacha kuwa Wasamburu kwa kukamua ngamia. Harusi zao zingali na ng'ombe, lakini watoto wao wana maziwa ya kiangazi.

Huko Isiolo, mji ambao kwa vumbi lake na kwa kuwa njiapanda unafanana kidogo na Babati yetu ya zamani, kina mama walijiunga katika ushirika uitwao Anolei. Hukusanya maziwa ya ngamia kutoka nyikani, huyapima na kuyapoza, kisha huyapakia katika mabasi kwenda Nairobi, ambako mtaa wa Eastleigh huyanunua. Biashara hiyo imewapa kina mama wale fedha za karo na sauti katika nyumba zao. Lakini nao wana matatizo yao. Maziwa husafiri mwendo mrefu katika madumu ya plastiki yasiyosafishika vizuri, jua ni kali, na mengine hufika yameharibika. Tunayataja matatizo hayo kwa sababu anayejifunza kwa mwenzake hujifunza na makosa yake pia.

Mbali na hapo, nchini Mauritania kiwanda cha Tiviski kimekuwa kikisindika maziwa ya wafugaji wanaohamahama tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na Dubai kipo kiwanda kikubwa chenye ngamia wake na mashine za kukamulia. Umoja wa Mataifa nao uliufanya mwaka 2024 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Ngamia na jamii yao. Ulimwengu umekwisha kumtambua mnyama huyu. Hatusemi hayo ili tukimbilie kujenga viwanda kama vya Dubai. Twasema ili mtu asidhani kwamba jambo tunalolieleza ni ndoto ya nyikani.

Na hapa Tanzania? Ngamia si wageni kabisa. Katika miaka ya 1990 shirika la Heifer Project International lilileta ngamia kutoka Kenya kwa ajili ya vikundi vya wafugaji wa kaskazini mwa nchi yetu. Wapo waliowatunza wakazaana, na mpaka leo wanaonekana katika nyika za upande wa Longido na kaskazini mwa Mlima Meru. Lakini miongo mitatu imepita, na idadi yao ni tone tu ukilinganisha na ng'ombe wa taifa hili, ambao ni zaidi ya milioni 30. Sababu mojawapo iko wazi. Ngamia haongezeki upesi. Huchukua mimba kwa miezi 13 hivi, huzaa ndama mmoja, na hukaa karibu miaka miwili kabla ya kuzaa tena. Mtamba naye hufikisha miaka 5 hivi ndipo azae mara ya kwanza. Mradi wa miaka mitatu au minne hufungwa na vitabu vyake kabla ndama wa kwanza hajawa mama. Mnyama wa namna hii hawezi kuendelezwa kwa mradi wa mgeni unaokuja na kuondoka. Anahitaji mpango wa wenyeji wenyewe, wenye subira kama yake.

Wala sisi wa Babati hatuwezi kusema kwamba hatuna mazoea. Katika miaka ya 1990 walipoletwa mbuzi wa maziwa wilayani kwetu chini ya mradi wa FARM-Africa, si wote waliokubali mara moja kwamba maziwa ya mbuzi ni kinywaji cha mtu mwenye heshima zake. Leo mbuzi wa maziwa hatushangazi tena. Vilevile utaratibu wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe unafahamika nchini: familia hupewa mtamba, na ndama jike wa kwanza hupewa jirani anayefuata. Utaratibu huo waweza kutumika kwa ngamia, ila muda wake urefushwe kwa kadiri ya maumbile yake, na asichukuliwe mkopaji kuwa mkaidi kwa sababu tu ndama amechelewa kuzaliwa.

Sasa tuzijibu hoja za wanaopinga, maana zipo na hazidharauliki.

Hoja ya kwanza ni ya wazee. Wanasema ng'ombe ni amana waliyopewa na Mungu, na kwamba mwenye kumwacha ng'ombe ameacha utu wake. Tunaiheshimu hoja hiyo, na tunawajibu kwa methali wanayoijua wote: usiache mbachao kwa msala upitao. Hatumshauri mtu yeyote auze kundi lake anunue ngamia. Tunashauri boma liwe na ngamia wawili watatu wa kukamuliwa kiangazi, kama lilivyo na punda wa kubeba maji na mbuzi wa kuuza ili kulipa ada ya shule. Punda hakuondoa heshima ya ng'ombe, wala ngamia hataiondoa.

Hoja ya pili ni ya gharama. Ngamia jike mmoja huuzwa kwa bei inayompita mbali ng'ombe wa kienyeji, na familia iliyofilisiwa na ukame haiwezi kumnunua. Hiyo ni kweli, na ndiyo maana tunasema kazi hii si ya mtu mmoja mmoja. Lakini tukumbuke kwamba hata ng'ombe tuliowagawa tuliwagharimia. Baada ya ukame wa mwaka 2009 kuziangamiza ng'ombe za Longido, Monduli na Ngorongoro, Serikali iligawa mifugo kwa familia zilizopoteza yote. Lilikuwa tendo la huruma, nasi tunalisifu. Hata hivyo, kumrudishia ng'ombe mtu wa nyika kavu, bila kumpa njia ya kuuvuka ukame unaofuata, ni kumjazia maji katika ndoo iliyotoboka.

Hoja ya tatu ni ya magonjwa, na hiyo ndiyo inayotufanya tusisitize mpango. Ngamia hustahimili kiu, lakini hastahimili kila kitu. Hudhoofishwa sana na malale ya wanyama yanayoenezwa na mbung'o na nzi wengine waumao; huugua upele; na huharibikiwa na tope na unyevu. Kwa hiyo mtu asije akampeleka ngamia Magugu au bonde la Kiru, ambako mbung'o wana historia ndefu, wala katika nyanda za juu za Mbulu zenye baridi na majani mengi, ambako ng'ombe wa kisasa ndiye anayefaa. Mahali pake ni nyika kavu za Simanjiro na sehemu za Kiteto zinazofanana nazo. Hata huko idadi yake iangaliwe, kwa kuwa ngamia wakizidi huimaliza miti kama ng'ombe wanavyoimaliza nyasi.

Ipo na hoja ya nne, ambayo haisemwi hadharani, nasi tunaileta wenyewe. Kuna watakaofurahi kusikia habari za ngamia kwa sababu mbaya. Watasema: kama yupo mnyama anayeweza kuishi kwa miiba na kiu, basi mfugaji aachiwe miiba, na mbuga nzuri zigawiwe wenye mashamba makubwa na wenye mitaji. Tunawaambia hapana. Mkoa huu unayo kumbukumbu ya mashamba makubwa ya ngano ya Hanang, yaliyochukua malisho mema ya Wabarbaig katika miaka ya 1970 na 1980, na madonda yake yalifikishwa mpaka mahakamani. Ngamia asiwe kisingizio cha kurudia kosa lile. Vijiji vya Kiteto vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa vilitenga malisho ya pamoja yaitwayo OLENGAPA na kuyapatia hati za kimila. Hiyo ndiyo njia. Ngamia na kisima havina faida yoyote kwa mfugaji asiye na ardhi.

Baada ya kusema hayo, tunatoa mapendekezo yetu kwa uwazi.

Kwanza, Halmashauri za Simanjiro na Kiteto, zikisaidiwa na Mkoa, zichague vijiji vichache vinavyotaka wenyewe, na si vinavyolazimishwa, zianze navyo. Vijiji hivyo viwe vimekwisha kupanga matumizi ya ardhi yao. Wapelekwe wazee, vijana na kina mama kutoka vijiji hivyo wakawatembelee Wasamburu na kina mama wa Isiolo, wakae nao, wakamue nao, wanywe nao. Mfugaji humwamini mfugaji mwenzake kuliko anavyomwamini mwenye mkoba.

Pili, ngamia wa kuanzia wapewe vikundi vya kina mama. Katika desturi za nyikani mwanamume ndiye msemaji wa kundi, lakini maziwa ni ya mama. Yeye ndiye anayekamua na ndiye anayegawa. Tukitaka maziwa yamfikie mtoto, mnyama wa maziwa awe na neno la mama juu yake. Bila hivyo ngamia atageuka kuwa kitega uchumi cha wachache, na mwisho wake utakuwa mnadani.

Tatu, maofisa mifugo wafundishwe habari za ngamia kabla hajafika ngamia mmoja. Ni wangapi kati yao walio katika kata zetu leo wanaojua kumpima joto, kipimo cha dawa yake, au kwamba hashushi maziwa yake ila ndama awe karibu? Vyuo vyetu vya mifugo, Taasisi ya Utafiti wa Mifugo na Chuo Kikuu cha Sokoine vina wataalamu. Watumwe.

Nne, Bodi ya Maziwa iliyoundwa kwa Sheria ya Maziwa ya mwaka 2004 iyatazame maziwa ya ngamia kama chakula halali cha Watanzania: yawekewe viwango, yapimwe, na anayeyauza kama dawa ya kila ugonjwa achukuliwe hatua. Aidha, kila inapofika Wiki ya Maziwa tunapowagawia watoto wa shule maziwa na kupiga picha, watoto wa nyikani nao wakumbukwe, wao walio mbali na viwanja vya sherehe.

Tano, soko. Babati ni njiapanda ya Arusha, Dodoma na Singida, na magari yapitayo hapa hayahesabiki. Maziwa yatakayozidi mahitaji ya maboma, narudia, yatakayozidi, yaweza kupata wanunuzi hapa na Arusha, mradi yachemshwe, yapozwe na yasafirishwe katika vyombo vya chuma visafishikavyo. Lakini tusianze na soko. Anayeanza na soko humwaga kibuyu cha mtoto ili ajaze dumu la mchuuzi. Kwanza mtoto ashibe, ndipo basi lipakiwe.

Tumalizie kwa kujikosoa, maana Chama chetu kilitufundisha kwamba kiongozi asiyejikosoa hukosolewa na matukio. Kwa miaka mingi tumekwenda kwa wafugaji na neno moja: punguzeni mifugo. Tumelisema mikutanoni, tumelisema ofisini, na mara nyingine tumelisema kwa ukali. Mfugaji alitusikiliza kwa adabu, akaondoka bila kupunguza, nasi tukamwita mbishi. Hatukumuuliza kwa nini anang'ang'ania ng'ombe 100. Laiti tungemuuliza angetujibu kwamba anajua ukame utamchukulia 80, na kwamba anataka wabaki 20 wa kuanzia upya. Kwake wingi ndio bima. Mtu hawezi kuiacha bima yake kabla hujamwonyesha nyingine. Ngamia mmoja anayekamuliwa mwezi wa Oktoba, wakati ng'ombe 10 wamekauka, ni hoja ambayo mfugaji ataielewa bila mkutano wa hadhara.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu ana mwendo wa polepole, haongezeki haraka, na hampi mtu utajiri wa msimu mmoja. Lakini anajua kuingoja mvua. Bajeti za halmashauri zetu huanza kupangwa miezi mingi kabla ya kusomwa, na huu ndio wakati wa madiwani wa Simanjiro na Kiteto kulitia jambo hili katika vitabu vyao, hata kama ni kwa kijiji kimoja na ngamia 10. Siku tutakapolipita tena lile boma, tungependa mama yule atumiminie chai bila kuomba radhi.